Usinunue printa, nunua pasi

Najua nimeadimika, na kuna walioanza kuulizana kordoni kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, bado napambana. Ni tesiti tu zilizoingiliana na mishemishe nyingine, na moja ya hizo mishemishe ndiyo ninayotaka tuongee leo. Habari ya fulana.

Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha pale kafeteria: "Mwanangu, si ninyi mnaoprinti tisheti? Tuko 12, tunataka za grupu letu, tutumie njia gani?" Mwingine anakuja macho yamemtoka, kaona tangazo la mashine kwenye simu, anataka bumu likiingia tu alitumbukize lote humo. Nimejibu mmoja mmoja mpaka mdomo umekauka. Kwa hiyo leo natoa msimamo wangu hadharani, na anayetaka kubishana aje na hoja, ikiwezekana aje na fulana mkononi.

Msimamo wenyewe ni huu. Kwa sisi watu wa oda ndogo, yaani fulana 1 mpaka 30, leo dizaini hii kesho nyingine, usinunue printa. Nunua pasi. Sizungumzii pasi ya kunyooshea shati la prizentesheni, nazungumzia ile mashine ya bapa inayobania picha kwenye nguo kwa joto. Picha yenyewe kachapishe kwa mwenye mtambo mkubwa, akuuzie kwa mita. Na kabla hujatoa hata shilingi moja, kijue kitambaa. Hilo la mwisho nililijua kwa njia mbaya sana, na naomba nianze nalo.

Mwaka 2023, tukiwa mwaka wa kwanza, tulifiwa na mwenzetu wa darasa. Kwao Singida. Si mnajua ilivyo siku hizi, msiba wa kijana lazima kuwe na fulana zenye picha yake. Tukajiorodhesha watu 18 wa kwenda kuzika, kila mtu akatoa 15,000. Ilikuwa mwisho wa semista, bumu limeshaisha kitambo, kuna watu najua walikopa hiyo hela na kuna mmoja alishindia chai na andazi siku mbili. Jumla 270,000. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa Kariakoo, na siku nilikuwa nayo moja tu.

Nikachagua fulana nyeupe 19, ya kumi na tisa ikiwa ya mama yake marehemu. Nzito, laini, 8,000 kila moja. Muuzaji akaniambia, "Pamba tupu hiyo mdogo wangu, hapo hujakosea." Nikajiona mjanja kweli. Nikazibeba hadi kwa fundi mmoja mjini, 6,000 kuprinti moja. Fundi aliniuliza swali moja tu: "Picha iko kwenye flashi?" Hakuuliza kitambaa gani, na mimi sikujua kwamba kuna swali kama hilo. Mashine ikashuka, dakika haikuisha, sura ya mshikaji wetu ikatoka. Rangi zilikuwa zimepoa kidogo. Nikasema labda ndivyo zinavyokuwa. Hesabu ikaniachia 4,000, ikaishia kwenye nauli ya daladala na maji.

Tulizika. Mama tukamkabidhi fulana yake, akaikunja vizuri akaiweka kwenye mkoba.

Baada ya kama wiki tatu, simu. Nikapokea, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Masomo yanaendeleaje?" Tukasalimiana pale, nikasikia anasita. Kisha akasema, "Ile fulana nimeifua jana. Sasa sijui nimekosea sabuni? Sura imeondoka."

Wadau, nilikosa la kusema. Kilichoniuma siyo picha. Ni kwamba yule mama alikuwa anajilaumu yeye. Alidhani amemfuta mwanawe kwa mikono yake, kumbe kosa lilikuwa langu na la fundi, lilishafanyika Kariakoo kabla hata hatujapanda basi. Nikaenda kuuliza wenzangu mmoja mmoja. Waliokuwa wamefua, hali ni ile ile: kivuli cha rangi ya maji ya chai, macho hayaonekani.

Sasa kilichotokea ni nini? Ile njia inaitwa sablimesheni. Picha inachapwa kwenye karatasi kwa wino maalumu, halafu inabanwa kwenye nguo kwa joto la nyuzi 190 hadi 200 hivi. Kwa joto hilo rangi inageuka kuwa gesi na kuingia ndani kabisa ya nyuzi za kitambaa. Ni njia nzuri ajabu: picha haina ngozi juu yake, ukipitisha mkono husikii kitu, haipasuki wala haibanduki. Lakini inaingia kwenye poliesta tu. Kwenye pamba rangi haina pa kushika. Inakaa juu juu, inakudanganya siku moja, ukitia maji inasema kwaheri. Tena haina wino mweupe, kwa hiyo nguo lazima iwe nyeupe au ya rangi hafifu. Ule "upamba tupu" nilioulipia hela ya ziada ndio uliotumaliza. Ningenunua ile fulana ya bei chee ya poliesta, sura ingekuwepo mpaka leo.

Kwa hiyo somo la kwanza: hakuna njia mbaya, kuna njia iliyokutana na kitambaa kisicho chake. Na usimwamini muuzaji wala lebo ya shingoni. Pima mwenyewe. Kata kipande kidogo cha kitambaa kwenye pindo la ndani, kishike kwa koleo, kiwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inajikunja na kuyeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi (usikiguse kikiwa cha moto, kinanata kwenye ngozi). Ikifanya yote mawili, basi ni mchanganyiko. Ila angalizo: usichome uzi wa kushonea. Fulana nyingi za pamba zimeshonwa kwa uzi wa poliesta, utajidanganya. Mimi ilinitokea!

Baada ya ule mkasa, mimi na rumeti wangu tukaamua kuielewa hii kitu mpaka mwisho. Kwanza kwa hasira, halafu ikageuka kuwa kibiashara chetu kidogo. Tumezunguka kwa mafundi, tumeharibu fulana za kutosha. Haya ndiyo maoni yangu kuhusu kila njia.

Silkiskrini, ile ya fremu. Unavuta kitambaa chepesi chenye matundu madogo madogo kwenye fremu, unapaka dawa inayogandishwa na mwanga, unaweka mchoro wako mweusi juu yake, unamulika. Palipofunikwa na mchoro hapagandi, unapaosha kwa maji na wino unapita hapo. Hii ndiyo njia ya wakongwe na mimi naiheshimu. Fulana ikichapwa vizuri na wino ukaivishwa sawasawa (ule wa plastisoli haukauki kwa upepo, unataka joto la kama nyuzi 160), kitambaa kinaweza kuchakaa maandishi yakiwa bado yapo. Shida yake ni moja: kila rangi inataka fremu yake. Rangi nne, fremu nne, na zote zikae sawasawa, ikihama moja tu mtu anakuwa na midomo miwili. Kazi yote hiyo unaifanya kabla ya fulana ya kwanza, iwe unachapa 5 au 500.

Vinili. Ni plastiki ya rangi moja inayokatwa na mashine ndogo yenye kisu. Unakata herufi kigeugeu, unang'oa mabaki kwa sindano, unabana kwa joto. Kwa majina na namba za mgongoni kwenye jezi hakuna mpinzani, maana kila jezi ina jina lake. Lakini picha ya mtu huwezi, na dizaini yenye vimistari vingi utang'oa mabaki mpaka alfajiri na kesho una tesiti.

Karatasi za kuhamishia, zile unazochapa kwa printa ya kawaida ya ofisini halafu unapiga pasi. Jamani, hizi tuwaachie watoto wa shule na zawadi za siku moja. Zinapasuka kama tope lililokauka.

Printa inayochapa moja kwa moja juu ya fulana. Kwenye pamba inatoa picha safi, laini. Ila ni ghali, fulana ya rangi nzito inabidi kwanza ipakwe dawa, na ina ugonjwa wa wino mweupe ambao nitausema sasa hivi.

Halafu kuna hii iliyovuma sana kuanzia miaka ya 2020, DTF. Picha inachapwa kwenye filamu ya plastiki, rangi zikitangulia na wino mweupe ukifuata juu yake. Wino ukiwa bado mbichi unamwagiwa unga wa gundi, unga unayeyushwa kwa joto, basi. Unachokabidhiwa ni filamu iliyokunjwa kama bango. Unaibana kwenye fulana kwa nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15, unabandua plastiki, kazi imekwisha. Inakaa kwenye pamba, kwenye poliesta, kwenye mchanganyiko, kwenye nyeupe na kwenye nyeusi. Rangi 1 au rangi 1,000, bei ni ile ile, kwa sababu unalipia ukubwa wa filamu.

Umeona hapo? Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kwa oda ndogo adui siyo wino, ni gharama ya kuanza. Tufanye hesabu, namba ni za mfano tu, weka za fundi wako. Tuseme kutengeneza fremu moja ni 30,000, na wino na kazi kwa fulana ya rangi moja ni 1,000. Tuseme filamu ya DTF kwa fulana ile ile ni 4,000. Ukiwa na fulana 10, silkiskrini ni 30,000 jumlisha 10,000, yaani 40,000. DTF nayo ni 40,000. Zimelingana. Chini ya 10 filamu inashinda, juu ya 10 fremu inashinda. Sasa ongeza rangi ya pili: fremu 60,000, na wino tuseme 1,500. Zinalingana kwenye fulana 24. Rangi nne: fremu 120,000, wino 2,500. Mpaka ufike fulana 80 ndiyo zilingane! Na grupu lenu lina watu 12. Mnaona wenyewe.

Kwa hiyo ukija na oda ya fulana 60 za klabu, neno moja jeupe kifuani, nakutuma kwa mtu wa fremu bila wivu. Ukija na watu 12 na nembo yenye rangi tano na picha ya Mlima Kilimanjaro machweo, nakwambia filamu.

"Sasa kama DTF ni tamu hivyo, kwa nini tusinunue printa yake ndogo, ile ya kukaa mezani?" Swali zuri, na hapa ndipo watu wanapopotea. Wino mweupe una unga mzito ndani yake, taitani, na kitu kizito kikikaa kinazama. Usipochapa mara kwa mara unazama kwenye mipira na kuziba kichwa cha printa, na kichwa ndicho roho ya printa. Sasa jiangalie. Wewe ni mwanafunzi. Wiki ya yuwii hushiki hata simu. Likizo ndefu unaenda kwenu au fildi miezi miwili, printa imefungiwa chumbani haina wa kuichapisha. Ukirudi unakuta bumu lako limegandia mle ndani. Ongeza unyevunyevu wa Dar es Salaam, ule unga wa gundi unavuta maji na kushikana mabonge. Ongeza umeme ukikatika katikati ya mita. Mwenye karakana anayechapa asubuhi mpaka jioni hana shida hizo, wino wake haulali. Mwache ahangaike nao, wewe nunua mita.

Mashine ya pasi haina kichwa cha kuziba. Ni chuma, koili ya joto na saa. Iache miezi mitatu, futa vumbi, washa, inafanya kazi. Ndiyo maana nasema, miliki kile kisichoharibika ukiwa hukigusi.

Ya kuchagua ni ya bapa la sentimita 38 kwa 38, inatosha kifua na mgongo wa mtu mzima. Kuna zinazofunguka kama mdomo wa mamba, hizo zinakula nafasi ndogo lakini chunga vidole. Kuna ambazo kichwa kinazungushwa pembeni, ni salama zaidi ila zinataka meza pana. Zile za kushika mkononi kama pasi ya nyumbani ni nzuri kwa nembo ndogo ya kifuani, lakini picha kubwa mkono haubani sawa kila mahali, kona zitakusaliti. Na pasi yenyewe ya nyumbani? Hapana jamani. Hujui joto lake ni ngapi, na ina matundu ya mvuke.

Halafu usiiingize hosteli. Mashine ya ukubwa huo inavuta wati 1,400 hadi 1,800. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama ampia 8 kwenye soketi moja, ukiichomeka kwenye ekstensheni ya elfu tatu pamoja na jiko la rumeti, mtazimisha bweni zima au mtaliunguza. Sisi yetu ipo Changanyikeni, kwenye chumba alichopanga rumeti, na imechomekwa ukutani moja kwa moja. Luku isiwatishe: hata ingewaka mfululizo saa nzima, wati 1,800 ni uniti 1.8 tu, na kwa kawaida haiwaki mfululizo, ikifika joto inajizima na kujiwasha.

Sasa ujanja wa mita. Filamu inauzwa sana kwa upana wa sentimita 60. Tulipoanza, dizaini yetu ya mgongoni ilikuwa upana 28, urefu 35. Zinakaa mbili kwa upana, mbili kwa urefu, picha 4 kwa mita, na kipande cha sentimita 30 kinabaki kitupu. Siku moja rumeti akasema, hebu punguza urefu uwe 32. Zikakaa tatu kwa urefu: picha 6 kwa mita ile ile! Sentimita tatu ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziona zilitupatia picha mbili za bure. Kama huwezi kupunguza, basi kile kipande kijaze nembo ndogo za kifuani. Ukilipia mita, rudi na mita iliyojaa.

Na picha isipite kwenye WhatsApp ikiwa picha ya kawaida, inabanwa na kupungua. Itume kama dokumenti. Kwa upana wa sentimita 28 picha inayotakiwa ni ya kama nukta 3,300, ukishuka chini ya nusu ya hapo sura inaanza kuwa vigae. Ondoa na mandhari ya nyuma, la sivyo fulana nyeusi itatoka na kibao cheupe kama cha namba ya nyumba.

Siwafichi, DTF ina mabaya yake. Ni tabaka la plastiki. Picha kubwa iliyojaa mgongo mzima haipitishi hewa, na kwa joto la Dar mwezi wa pili utajisikia umevaa tapulini. Dawa yake ni dizaini yenye nafasi, herufi na michoro inayoacha kitambaa kipumue. Pia pasi ikipita juu yake moja kwa moja gundi inayeyuka, na ile ya mkaa ndiyo balaa kabisa. Geuza nje ndani kwanza. Na jezi ya poliesta yenye rangi kali, nyekundu hasa, ukiibana kwa joto kubwa rangi ya kitambaa inapanda mpaka kwenye wino mweupe. Uliandika namba nyeupe, baada ya siku mbili ni ya waridi. Shusha joto, uliza aliyekuchapia filamu yake inavumilia ngapi.

Rumeti wangu yeye bado ni mtu wa fremu. Anasema fulana ya silkiskrini ina heshima, na kwamba kijana asiyejua kuvuta wino kwa mkono hajui kazi, anajua kubonyeza. Namwelewa. Mtu akiwa na fremu, wino na jua hatishwi na umeme kukatika, na ujuzi unabaki kwake badala ya kwa mwenye printa. Hiyo ni hoja ya kweli, sina jibu la kuimaliza. Ninachomwambia ni kwamba mteja wetu ana watu 12 na anataka Ijumaa.

Ila iwe fremu, iwe filamu, kuna jambo moja hatubishani tena mimi na yeye. Kabla ya oda yoyote tunachapa moja. Kwanza tunabana fulana tupu sekunde 3 hadi 5, kutoa unyevu. Tunachapa, tunaiacha ilale siku nzima, halafu tunaifua. Siyo kwa upole wa tangazo la sabuni. Tunaifua kama watu wanavyofua: beseni, sabuni ya unga, kufikicha, kukamua, kuanika juani. Mara tano. Ikipona ndiyo tunachukua hela ya mtu. Mteja akisema hana muda wa kusubiri, tunamwambia hatuna njia ya kumsaidia. Tumepoteza oda kadhaa hivyo. Sawa tu.

Kwa sababu mtu anayekuletea fulana 12 hakuletei kitambaa. Anakuletea hela za watu 12 waliomwamini, na mara nyingine anakuletea sura ya mtu ambaye hawezi kupigwa picha nyingine. Printa za mezani zitaendelea kutangazwa, na fundi anayeuliza flashi bila kuuliza kitambaa hataisha mjini. Wewe uliza. Ukiwa mteja uliza, "Hii ni njia gani, na inashika kitambaa gani?" Akibabaika, beba fulana zako uondoke.

Mwaka 2024, likizo, nilipitia Singida. Nilikuwa na fulana moja tu kwenye begi, nyeupe, picha ile ile, tumeifua mara tano Changanyikeni. Mama alinikaribisha, nikala, nikampa. Nikamwambia ukweli wote, kwamba sabuni haikuwa na kosa, tuliokosea ni sisi. Akaniangalia, akasema, "Kumbe." Halafu akachukua beseni, akatia maji, akaifua pale pale uani mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda namtazama. Akaikung'uta, akaianika.

Sura ilikuwepo.

Haya wadau, saa 7 usiku hii na tesiti ni saa 2 asubuhi, madesa hata sijayafungua. Usiku mwema.